Pasipofika Kidole cha Mkaguzi

Unapofagia chumba chako, kitanda unakisogeza? Usihangaike kunijibu. Wengi wetu tunaizunguka miguu ya kitanda kwa fagio, tunatoka kifua mbele, na vumbi linabaki pale pale likitucheka. Ofisi zetu nyingi zinaendeshwa hivyo hivyo, na nikianza kulisema hilo sinyamazi upesi. Kwa hiyo leo nitasema habari za mtu mmoja tu: shangazi yangu, mtunza ghala la silaha katika kituo cha askari wa misitu. Kituo kizima humwita Mama Pamba.

Alipewa jina hilo kwa sababu hatembei bila pamba. Imejaa mfukoni mwa koti lake la kazi, nyingine kaichomeka nyuma ya sikio kama penseli ya seremala. Aliingia kituoni kama mfagiaji. Mtunza ghala wa wakati huo, mzee ambaye macho yalikuwa yameanza kumsaliti, alimwita siku moja amshikie pini, kesho yake akamwita tena, na mzee alipostaafu ikaonekana hakuna mwingine anayejua kila bunduki inakohoa wapi. Ghala lenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo na meza nzito iliyokunywa mafuta hadi ikawa nyeusi. Juu ya meza hutandika shuka kuukuu, ili springi ikiruka isipotee.

"Springi ni kama neno," husema. "Likishatoka, utalitafuta hadi uzeeke."

Unyenyekevu hana. "Bunduki zangu mimi," huwaambia askari, "mnaweza kuzinywea maji."

Dada yangu naye ni askari pale pale, mwanamke pekee katika kikosi cha doria. Asubuhi ya mazoezi ya kulenga shabaha, bunduki yake ilimgomea mara mbili. Alivuta kifyatulio, ikasikika "ta", basi. Askari wakacheka. Mmoja wao, waliyemwita Tarumbeta kwa ajili ya sauti yake, akasema, "Mkono wa kuchambua mchele huo. Bolti haisukumwi kwa huruma."

Bolti ni kile kipande cha chuma chenye mpini ambacho askari hukisukuma mbele kuingiza risasi, kisha hukilaza chini kufunga. Mkuu wa kituo hakucheka, lakini alikubaliana na Tarumbeta: dada hafungi bolti mpaka mwisho. Akaamua kumtoa doria, akae ofisini kupokea simu.

Habari iliponifikia damu ilichemka. Mchana huohuo nilikuwa mlangoni kwa mkuu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiye yule mdogo wake anayesoma chuo?"

"Nimeshamaliza. Afande, nauliza tu. Bunduki ikigoma, kwa nini anahukumiwa mtu kabla ya bunduki?"

"Kwa sababu bunduki ilishahukumiwa." Akaninyooshea kidole chake kidogo. "Mkaguzi kaja juzi na glavu nyeupe, kaingiza kidole kwenye kila bunduki. Kimetoka cheupe. Bunduki safi haigomi, kijana. Anayegoma ni mtu."

Hapo nikafungua bomba. Nilizungumza juu ya haki, juu ya wanawake wanaofanyiwa mtihani ambao wanaume hawafanyiwi, juu ya taifa lisiloweza kwenda mbele kwa mguu mmoja. Mkuu alinisikiliza hadi pumzi ikaniishia.

"Sawa," akasema. "Kesho asubuhi arudie mbele ya wote, na bunduki ile ile. Ikigoma tena, simu inamsubiri."

Nilitoka nikijiona nimeshinda. Dada, aliyekuwa akinisubiri kibarazani, hakuuona ushindi wenyewe.

"Umeniombea nichekwe mara ya pili," alisema. "Bunduki ile ile, mkono ule ule."

"Mkono una kosa gani?"

"Hauna. Nilisukuma bolti mpaka kiganja kikachubuka. Tazama."

Nilitazama. Kilikuwa kimechubuka kweli. Tukaenda ghalani.

"Bunduki yangu mimi ichafuke?" shangazi alisema, hata kabla hatujaketi. "Binti wa kaka yangu, umekuja kunitukana kazini kwangu, na shahidi umekuja naye?"

"Sijakutukana, shangazi. Nakuonyesha tu." Dada akaweka juu ya shuka zile risasi mbili zilizogoma.

Shangazi aliichukua moja, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kitakoni, pale pini inapogonga. Palikuwa na alama hafifu, kama ukucha uliogusa sabuni. Aliigeuza, kisha akachukua ya pili.

"Hii haikugongwa," alisema mwishowe. "Imepapaswa."

"Bolti isipofungwa sawasawa inaweza kufanya hivyo?" nikauliza.

"Inaweza. Lipo na lingine linaloweza."

Akaichomoa bolti, akaifungua, akatoa pini na springi yake. Ndani ya bolti mna tundu refu, jembamba, ambamo pini hukimbia kwenda kugonga risasi. Kidole cha mtoto mchanga hakipiti mle, sembuse cha mkaguzi mwenye glavu. Shangazi alichukua sindano yake ya kufumia, akaizungushia pamba, akaichovya kwenye mafuta ya taa, akaisukuma ndani huku akiizungusha. Ilitoka na kitu cha kahawia, kizito, kinachovutika.

"Ulimbo," alisema. "Humu ungenasa ndege."

Kisha akaiweka sindano chini. "Mkaguzi anapenda kung'aa. Kila akikaribia kuja nazimwagia mafuta, ziwake, afurahi, apite. Kumbe mafuta yanateremka huku ndani, yanaganda na vumbi, na pini inakimbia kwenye matope. Zamani nilikuwa nikifungua bolti zote. Niliacha, kwa kuwa hakuna aliyepachungulia. Kosa si la mkono wa mtu. Ni langu."

Nilitafuta neno la kumfariji. Sikupewa nafasi.

"Msomi, acha kunitazama kama maiti. Chana hilo shati bovu vipande vipande. Binti, washa mshumaa."

Alipasha shingo ya mswaki kwenye moto hadi ikalegea, akaikunja kama kiwiko. Kwa mswaki ule uliopinda alifikia nyuma ya chumba cha risasi, mle ndani ya bunduki risasi inapokaa, kwenye pembe ambazo bolti hujifungia, akichungulia kwa kipande cha kioo cha mezani. Akasugua, akatoa weusi, akasugua tena. Kwenye kijitobo cha kifyatulio alipitisha unyoya wa kuku. "Huyu kuku kafa kwa heshima," alisema. Mwisho akakausha kila kitu, akapaka mafuta kidogo mno, nusura nimwambie kasahau.

"Bunduki hupakwa mafuta," akasema bila kuniangalia. "Haikaangwi."

Dada akaifunga bila risasi, akaielekeza kwenye ndoo ya mchanga, akavuta. Haikusema "ta". Ilisema "twak", kavu, kama mlango wa mtu aliyekasirika. Wakatazamana, wakacheka.

Jioni askari walipojipanga, shangazi alisimama mbele yao na sindano yake mkononi. "Aliyeucheka mkono wa binti huyu, aliucheka uzembe wangu," alisema. "Nanyi nyote mmebeba uzembe huohuo. Sijafungua nyingine."

"Mama Pamba, unamtetea mtoto wa kaka yako," Tarumbeta alisema.

"Namtetea. Kesho bunduki itanitetea mimi."

"Maneno hayatoboi shabaha," mkuu alisema. "Kesho."

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma masikio na kugandisha mafuta. Dada alilala kifudifudi kwenye turubai, akasukuma bolti, akavuta. Mlio ukapiga ukuta wa udongo ukarudi. Akasukuma tena. Bunduki haikugoma hata mara moja, na alipomaliza, matundu kwenye shabaha yangefunikwa kwa kikombe cha chai. Mkuu aliitazama kwa darubini muda mrefu, kisha akamgeukia Tarumbeta.

"Lala wewe sasa, na bunduki yako."

Tarumbeta akalala, akalenga, akavuta.

"Ta."

Dada, akiwa bado anapangusa mchanga magotini, alisema kwa sauti ya upole kabisa, "Sukuma, kaka. Usiihurumie."

Kituo kikalipuka kwa kicheko, na Tarumbeta mwenyewe, nampa haki yake, alicheka uso ukiwa kwenye turubai.

Jua lilipotoka sawasawa, dirisha la ghala lilikuwa na foleni ya askari, kila mmoja na bolti yake mkononi. Dada alikaa kwenye ngazi na bunduki yake magotini, askari pekee aliye tayari kwa doria, akisubiri wenzake. Mkuu akaja na bolti yake, akapita wote, akaipitisha kati ya nondo.

Shangazi alikuwa anazungushia sindano pamba. Hakuinua macho.

"Foleni iko nyuma, afande."

Mkuu alibaki na mkono hewani. Kisha akaurudisha, akatembea hadi mwisho, akasimama nyuma ya Tarumbeta.