Mama Ndiye Anayempa Mdogo Wangu Mairungi

Admin, nifiche jina tafadhali, watu wa Jinja tunajuana mno.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, Mnubi wa Uganda, nimezaliwa Mafubira, Jinja, na kuolewa Mbale. Baba alifariki tukiwa wadogo. Mama akatulea, mimi na mdogo wangu wa kiume, kwa kuuza mairungi, yale majani ya kutafuna. Kwetu hakuna anayeyaita dawa za kulevya. Wazee wanatafuna harusini, madereva wanatafuna wasisinzie. Hata serikali ilipokataza, mama alisema, "Majani ya Mungu wanakataza, pombe wanaiacha!"

Mdogo wangu alikuwa akiwapelekea wateja kwa boda. Naye akaanza kutafuna, kutwa kucha. Usingizi hana, chakula hataki. Mara akasema majirani wanamtilia sumu kwenye maji. Siku aliyomkimbiza jirani na panga tulimfunga kwa leso, tukampeleka hospitali, kitengo cha dharura. Daktari akauliza, "Anatumia kitu chochote?" Mama akadakia, "Huyu? Hata sigara hajui. Ni majini hayo." Wakamchoma sindano, akalala, akarudi nyumbani kule kule kwenye majani. Mara ya pili ikawa vile vile, na mama jibu lake lile lile.

Nikasema basi. Nikamchukua kwangu Mbale. Jamani, mdogo wangu alirudi! Mwanzoni alilala tu, akiamka ana hasira. Kisha akaanza kula, akawa anawaigiza wanangu wanavyolia mpaka wanacheka wenyewe. Mume wangu akamtafutia kazi ya kuosha magari. Nilimshukuru Mungu nikalia.

Wiki iliyopita mama akaja kututembelea. Kwetu mama haji kwa wanawe mikono mitupu. Alileta samaki wa ziwani, wa Masese kule Jinja, na chini ya kapu mairungi, ameyafunga vizuri kwenye jani la mgomba yasinyauke. Niliporudi sokoni niliwakuta uani, shavu la mdogo wangu limevimba kwa majani. Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Mama akanishangaa. "Mtoto amepoa, hana raha. Nimempa kidogo achangamke. Mimi nimemzaa, nitamdhuru?" Na wallahi, alisema kwa moyo wake wote. Kumbe kila nikitoka alikuwa anampa.

Maneno ya sumu yakarudi, na sasa tuko dharura tena, hapa Mbale. Mdogo wangu amefungwa mikono kitandani, ananiita mchawi. Daktari alinivuta pembeni: "Dada, mkojo wake tumeupima, haya majini anayosema mama yako yaache. Nani anampa? Siwezi kumruhusu bila kujua anarudi nyumba gani." Mama anataka kurudi naye Jinja. Amenishika mkono akilia, "Ukinitaja utaniletea polisi. Wewe umesoma kwa majani hayo hayo."

Ni kweli, nimesoma kwa hayo. Mama yangu hakuwahi kulala tukiwa na njaa. Nina hasira naye, halafu nikimwangalia namhurumia. Lakini mdogo wangu akirudi kule, sitampata tena, hilo nalijua.

Msiniambie nisali tu, nasali. Daktari amesema atapita tena mchana. Na hivi ninavyoandika, mama yuko kitandani pale, amemshika mwanawe miguu asijiumize, anamwimbia. Ndugu zangu, daktari akiniuliza mbele yake, nimjibu nini?