Nilimkaribisha Aliyebisha Darini

Sikuota, wala vumbi la plasta halikunilewesha. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Birmingham, alasiri ya baridi, taa ikiwaka na redio ya jirani ikiimba.

Shule niliacha mapema, na tangu hapo sijakaa mahali nikapazoea. Wakati ule Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari, alikuwa amenipa chumba kwake, mtaa wa Bordesley Green. Mama yake mzazi alikuwa karibu kutoka hospitali, na chumba cha juu alichoandaliwa kilikuwa na ufa kwenye dari la jipsamu, umenyooka kama uliopigwa rula. Mapafu ya bibi yalikuwa mabovu. Haikufaa vumbi limdondokee usingizini. Nikajitolea kuuziba.

Niliuziba jioni. Asubuhi nikaukuta wazi, utepe wa wavu niliobandika juu yake umetokeza chini, kama uliosukumwa kutoka juu. Nikamshuku jirani. Nyumba hizi zimeungana, na nyingine hazina ukuta wa kuzitenga chini ya paa. Mtu anaweza kutambaa toka kwake mpaka kwako. Nikapanda darini na tochi. Ukuta upo, tena mzima. Vumbi la miaka limelala pale bila hata alama ya panya.

"Wewe fundi wa kujifunza kwenye simu," Bi Zuhura alinicheka akitoka kwenda kumchukua mama yake. "Dari likimwangukia mamangu, leo utalala nje!"

Basi nikakaza bodi kwa skrubu pande zote mbili za ufa, nikabandika utepe mpya, nikawa napaka plasta. Hapo nikasikia, juu ya kichwa changu, sauti ya mama mtu mzima: "Hodi!"

Na mimi, mtoto wa Tanga, nikajibu bila kufikiri: "Karibu!"

Niambie, wewe ungejibu nini?

Nilipogeuka, mwanamke alikuwa ameketi kwenye kitanda cha bibi, amejitanda kanga, nyusi nyeupe kwa vumbi. Nikashuka ngazi. "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Mtu mzima gani wa kwetu anaachia shikamoo ianguke chini?

"Mgonjwa anafika saa ngapi?" akauliza.

"Kwani umepita mlango gani?"

Akacheka. "Si umenikaribisha mwenyewe?"

Nikatazama sakafuni. Nilikuwa nimetandika nailoni chumba kizima, imejaa unga wa plasta. Nyayo zilikuwa zangu tu.

Mlango wa nje ukafunguliwa. Bibi alipandishwa taratibu, binti yake amemshika mkono. Bi Zuhura hakuona kitu. Alinigombeza kwa uchafu tu. Lakini bibi alisimama kizingitini, akakitazama kitanda, kisha akaniuliza kwa pumzi fupi: "Mjukuu wangu, huyu nani kamkaribisha?"

"Mimi, bibi."

"Basi msindikize. Mgeni husindikizwa na mwenyeji wake. Mimi hapa nimekuja kupona."

Nikavaa koti. "Twende, mama," nikasema. Aliinuka kwa hiari, kama mgeni mwenye adabu. Kwenye kituo cha basi nikasimama nimuage. Hakuniaga. Basi lilipokuja nikapanda, na amini usiamini, lilijaa watu waliosimama, lakini kiti cha ubavuni mwangu hakuna aliyekikalia.

Bibi alipata nafuu. Analala chumba kile mpaka leo, na ufa haujarudi. Bi Zuhura ananisifia ufundi kwa watu. Mimi nilihamia Aston, kisha Northfield. Popote nilalapo, haupiti muda, dari linajichora mstari ulionyooka juu ya kitanda changu. Siuzibi. Nafungasha, naondoka naye, maana kwetu mgeni hasindikizwi nusu ya njia, na huyu hajaniambia kwake ni wapi.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliye ugenini, unayefurahi kusikia lugha yako ikibisha: toka kwanza, uuone uso. Kumkaribisha ni neno moja tu. Kumfikisha kwake, mwenzio bado natembea.