Fokasi Ilimwangukia Mwalimu

Admin, ficha jina langu. Mengine nitayaeleza yalivyo.

Nina miaka hamsini na mbili, naishi Tarime mjini, nina mke na watoto wanne. Nimeandika habari kwa miaka ishirini na sita. Nimeandika ajali, mauaji, migogoro ya mashimo ya dhahabu upande wa Matongo, na nikirudi nyumbani nilikuwa nakula na kulala. Siku hizi sikai. Nikikaa nasimama. Mke wangu ameuliza mara mbili kama kuna ugonjwa ninaomficha.

Tatizo ni picha moja.

Miaka miwili iliyopita nilinunua kamera ya kisasa, zile ndogo zisizo na kioo ndani. Lenzi zake mpya sikuzimudu. Fundi mmoja wa hapa mjini, Mzee Swalehe, aliyewahi kuwa na studio ya picha za paspoti, akaniuzia lenzi mbili za zamani za chuma pamoja na adapta ya kuziunganisha na kamera yangu. Lenzi hizo haziwezi kutafuta fokasi zenyewe. Unazungusha pete kwa mkono mpaka sura itulie. Kamera inasaidia kidogo tu: kilichoingia kwenye fokasi kinawaka alama nyekundu kwenye kingo zake. Mzee Swalehe alinionya siku ileile: "Mdogo wangu, hizi si ndugu. Hii ukitaka cha karibu unazungusha kushoto, ile unazungusha kulia. Usije ukazichanganya ukiwa kazini."

Nikazichanganya.

Mwezi uliopita wakulima na wafugaji walipigana katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Serengeti, baada ya ng'ombe kuingia kwenye mtama. Aliyenipigia simu ni mtu wangu wa pale, mfugaji, ambaye amenipa habari za kweli kwa miaka saba bila kutajwa hata mara moja. Nilifika kwa bodaboda kutoka Mugumu nikakuta fimbo zimeshaanza kutembea. Mbele yangu alikuwepo mtu mwenye panga, na ndiye niliyemtaka. Lenzi niliyofunga asubuhi ilikuwa ile ya kulia, lakini mkono ukaenda kushoto kama ulivyozoea. Fokasi ikamruka mwenye panga, ikaenda hatua nne nyuma yake, kwa mwanaume wa shati la mistari. Mistari yote ikawaka. Nikaona nyekundu, nikabonyeza.

Katika picha ile watu wote ni ukungu isipokuwa yeye, na ameinua fimbo. Fimbo imefungwa waya wa shaba. Unaweza kuhesabu mizunguko yake. Mhariri alinipigia: "Kaka, umemnasa mchochezi mwenyewe katikati ya vumbi. Hilo ndilo jicho!" Maelezo ya chini niliandika mwenyewe: "Mwanaume akiwa na fimbo wakati wa vurugu." Hakuna neno la uongo hapo. Nimelitafuta sana.

Mwanaume huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, ametokea Lindi, hana ng'ombe wala shamba. Alitoka darasani kwenda kuamua ugomvi. Anasema fimbo alimpokonya mtu asiyemtambua katika vumbi, akaiinua juu isichukuliwe tena, lakini hakuna anayemwamini. Siku ile mzee mmoja alivunjwa mkono, na anasema hakuona sura ya aliyempiga, aliona fimbo tu, yenye waya wa shaba. Picha iliposambaa kijiji kikamtenga mwalimu. Mlioko Mara mnajua maana yake: hasalimiwi, hauziwi maziwa, bodaboda hawampakii. Mkewe akifika kisimani wenzake wanajitwisha ndoo na kuondoka.

Wiki iliyopita alinifuata nyumbani. Nilidhani amekuja kunitukana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Nina swali moja. Pale tulikuwa watu wengi. Kwa nini ulinichagua mimi?"

Nikamwambia sikumchagua. Hakuelewa. Nikamletea kamera, lenzi ileile, nikamwambia ampige mke wangu aliyekuwa anaanua nguo uani. Akazungusha pete. Sura ya mke wangu ikayeyuka, ukuta wa nyuma ukawaka nyekundu.

"We mwalimu, unanipiga picha au unaupiga ukuta?" mke wangu akamtania.

Hakucheka. Akaishusha kamera polepole.

"Kumbe ni hivi tu?"

"Ni hivi tu."

"Basi njoo uwaambie wazee ni hivi tu. Ritongo ni Alhamisi ya wiki ijayo."

Ritongo ni baraza la kijiji. Ndilo lililomtenga, na hakuna mwingine wa kumrudisha.

Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba siku ile nilibonyeza mara mbili. Picha ya kwanza haina fokasi popote, ni vumbi na rangi. Lakini inaonyesha shati la mistari likivuta fimbo kutoka mikononi mwa mtu mwenye gambuti za njano. Uso hauonekani, wala hauhitajiki. Kijiji kizima gambuti za njano anazo mtu mmoja, na ni yule aliyenipigia simu.

Juzi alipiga tena.

"Mura, ndugu yangu, nasikia unahangaika. Kwa nini? Picha yako imedanganya wapi? Kaa kimya. Mwalimu ataomba uhamisho, kila mtu atapumua." Kisha akaongeza: "Ile nyingine ulifuta? Nilikuona umebonyeza mara mbili."

Nilimwambia mtandao unakatika.

Nikienda na maneno matupu kuhusu pete ya kulia na pete ya kushoto, wazee watanicheka. Nikienda na picha, Ijumaa mwalimu atasalimiwa, na mimi nitakuwa nimemtoa mtu aliyeniamini miaka saba mbele ya ukoo wa aliyevunjwa mkono. Vijana wengi niliowafundisha kazi hii, somo la kwanza niliwapa hilo: chanzo chako humtoi, hata ukifungwa. Sikuwahi kujiuliza itakuwaje kama atakayefungwa si mimi.

Ndugu zangu, msiniambie niombe, nimeomba. Msiniambie niache kazi. Hilo halimpi mwalimu maziwa. Leo ni Jumanne. Kadi ya picha iko mfuko wa shati, naigusa kila ninaposimama. Semeni nyie mlio nje ya jambo hili: Alhamisi nipande bodaboda nikiwa nayo, au niiache mezani?