Waya Zilizoyeyuka

Winifred Thackray alisubiri miezi minne apate waya za gari lake la mwaka 1934, alilolifufua kwa mikono yake katika banda la nyumbani, Halifax. Muuzaji alimwapia kuwa zimevikwa pamba iliyofumwa, kama za enzi zile. Maonyesho ya chama cha wenye magari ya kale yalikuwa Jumapili, na waamuzi hufungua boneti kabla ya kutazama rangi.

Alikata kipande akakiwashia kibiriti, kama wafanyavyo mafundi wa magari ya kale. Pamba huwa majivu. Hiki kiliyeyuka, kikadondosha tone jeusi.

Akampigia simu muuzaji. “Bwana Pickersgill, umeniuzia plastiki.”

“Aa, mama, nani atajua? Ukisimama mbali ni zilezile.”

“Mimi sisimami mbali. Nimelala chini ya gari hili miaka sita.”

“Zifunge tu. Waamuzi wenyewe wazee, macho yamekwisha.”

“Na mimi mzee. Mbona nimeona?”

Akakata simu.

Jumapili gari lilivutwa kwa kamba hadi maonyeshoni, halina waya hata mmoja. Winifred alifungua boneti, akasimama kando, na kila aliyeuliza waya ziko wapi alitajiwa jina la Pickersgill, herufi kwa herufi.