Sale Niliyoitupa

Siku ya mkutano ule wa kijiji bado naiona, mwanangu unayesoma haya, ingawa macho ya kuonea mambo mengine yamefifia. Nilikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja. Mume wangu alikuwa na duka dogo kando ya barabara ya kushuka Moshi mjini: sukari, sabuni, mafuta ya taa, basi. Ikaja amri maduka ya watu binafsi yafungwe, wote tununue duka la kijiji. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa kaka yangu Elia.

Kaka wa tumbo moja! Nilimfuata mpaka migombani kwake.

"Umemfungia dada yako mlango mbele za watu."

"Manka, yule mjane wa pale juu anakosa sukari kwa sababu mumeo anawafichia rafiki zake. Duka likiwa la wote, atapata."

"Na likiishiwa?"

"Serikali italeta."

"Basi kanywe chai kwa serikali. Kwangu usikanyage."

Sikudanganyi, mume wangu alikuwa anaficha. Nilijua, nikanyamaza. Lakini na duka la kijiji halikukaa. Likabaki na majembe na chumvi, na mjane yule hakupata sukari kwetu wala duka la kijiji.

Ndipo Elia akaja, ameshika jani la sale kwa mikono miwili. Kama umekulia mjini huenda hulijui. Kwetu Uchagani, anayekuletea sale amekiri kosa, na wewe unayeletewa huna ruhusa ya kukataa, hata kama amekumwagia damu. Alinikuta nalisha mbuzi.

"Mdogo wangu," akasema, "kuhusu duka sijabadili mawazo. Nimekuja kwa sababu nilikuaibisha."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilitaka aseme serikali yake imekosea. Hakusema. Nikalichukua lile jani nikalitupa kwenye samadi, nikaendelea kulisha. Mama mkwe aliona. Hakunigombeza, mwanangu, na afadhali angenigombeza. Aliingia ndani akafunga mlango, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Elia akashuka kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko tambarare. Hakupanda kuja nyumbani Krismasi hata moja. Alipandishwa ndani ya jeneza. Nikaenda kaburini na sale yangu, nalia, nikamkuta mzee wa ukoo.

"Ipande hapo, itapendeza," akasema. "Ila ile ya msamaha hupokelewa kwa mkono."

Sasa wajukuu zangu wawili walikuja Desemba, ndugu wa baba mmoja, msichana na mvulana. Huyu anasema serikali imtibu kila mtu, yule anasema kila mtu abebe mzigo wake. Nikawasikiliza. Maneno ni yale yale, nguo tu ndizo mpya. Msichana akakasirika, akaenda kulala Njoro mjini kwa rafiki yake, mbuzi wa Krismasi akachinjwa bila yeye. Nikawapigia wote wawili nikawasimulia haya. "Sawa bibi." Mpaka leo hawasalimiani.

Kwa hiyo sina tumaini kubwa ninapokuandikia. Nasema kwa sababu kunyamaza kumeshanishinda. Bishana, mwanangu. Mambo ya serikali yanaingia mpaka jikoni, lazima yabishaniwe. Nani alikuwa na haki, mimi au Elia, sijui hadi leo, na ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi kutojua. Lakini mtu wako akija kukuomba radhi, usimwambie abadili mawazo kwanza. Pokea. Yaliyobaki mtayagombania mkiwa mmekaa meza moja.

Mimi siku hizi nasema lolote kuhusu serikali na hakuna wa kunipinga. Mungu akunyime ukimya huo. Akupe ndugu wa kubishana naye mpaka meno yawatoke nyote wawili kwa uzee.