Taya la Kulia

Karani wa baraza la ndoa aliitwa Mama Mkwaruzo, maana mwandiko wake ulikimbia kama kuku aliyekanyaga makaa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: wagombanao wanammwagia yeye maneno chumba cha nje, yeye anaandika, mwenyekiti anasoma ndani na kuamua. Mwenyekiti hasikii tusi la mtu.

Mwaka huu wakamletea mashine inayosikiliza, inaandika, tena inanyoosha lugha. Mkono ukapata likizo. Lakini mtu na mazoea yake. Kalamu ikaendelea kukwaruza pembeni.

Asubuhi hiyo akaingia muuza nyama na mkewe, jicho limevimba, mdomo una nyuzi za hospitali. Mume akaketi kajitanua.

"Andika, mama. Taya la kushoto nimelivunja. Akikimbilia tena kwa dada yake, la kulia litafuata, halafu shingo."

Walipoitwa ndani, mwenyekiti akasoma kwenye kioo cha mashine mezani: "Mume hajaridhishwa na mawasiliano ya ndoa, na anakusudia kuchukua hatua zaidi." Akavua miwani. "Kumbe maneno tu! Binti, rudi na mwenzio mkazungumze."

Mke akakishika kiti kwa mikono miwili.

"Sivyo alivyosema, mwenyekiti!" Karani, mlangoni, aliinua karatasi yake. "Hiyo imemvalisha suti. Mimi nimemwandika uchi alivyo."

Akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye shingo, muuza nyama alishamfikia. Akamkandamiza mkono wa kulia kwenye fremu ya mlango, akaupiga mlango teke. Vidole vikavunjika kama kuni kavu.

"Lete karatasi, mchawi we!"

"Utanizika nayo, mshenzi!"

Mke akamrukia mgongoni. Akatupwa ukutani, nyuzi zikafumuka, damu ikamwagika kifuani. Mwenyekiti akapiga mayowe kama mtoto. Walinzi wakaja mbio, wakamlaza mume chini kwa virungu, naye bado anaitaja shingo.

Mezani, mashine ikaandika: "Wahusika wamebadilishana mawazo kwa uwazi."

Mwenyekiti akaitazama, akaisukuma kando. "Andika amri, mama. Binti asirudi kwa huyu mtu."

"Niipitishe kwenye mashine?"

"Ishindwe!"

Karani akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda kila moja na njia yake. Mwenyekiti akatia sahihi. Mke akaichukua kabla wino haujakauka, akaelekea kwa dada yake.