Mbwa wa Karata ya Juha

Kama hutaki kuambiwa la kufanya, usimwombe Norine Gastaldi akusomee karata za ramli. Mtaa mzima wa Panier, pale Marseille, ulilijua hilo, na bado watu walimiminika kwake. Asubuhi alikuwa kibandani akikaanga panisi zake za unga wa dengu. Ikifika saa nane alivua aproni, akanawa mikono, akatandaza kitambaa chekundu kwenye meza ya jikoni, na wateja wakaanza kupanda ngazi huku wakihema.

Na alikuwa mwizi. Tuseme ukweli tu, maana mwenyewe hakuwahi kuona haya. Si mwizi wa pesa, hasha. Mwizi wa karata. Kinyozi Honorat alipotaka kumtoroka mkewe kwa ajili ya mwimbaji mmoja wa Toulon, aliangukiwa na karata ya Nyumba ya Mungu mara tatu mfululizo, ule mnara unaopigwa radi na watu wanaporomoka kichwa chini. Mara ya tatu alishuka ngazi mbio, akapitia kwa muuza maua. Mkewe mpaka leo hajui yale maua yalitoka wapi.

Siri ilikuwa vidoleni. Mteja anakata karata kwa mkono wa kushoto, ndivyo desturi ilivyo, kisha Norine anaziunganisha taratibu akizungumzia bei ya samaki, kumbe amezirudisha vilevile alivyozipanga. Na kama karata ya juu haimpendezi, anaishikilia kwa kidole gumba na kuchomoa iliyo chini yake. Utamkodolea macho mpaka yakuume, huoni kitu.

Karata moja tu ndiyo ilimshinda kuificha, nayo ni Juha. Delphine, mwanawe wa pekee, alipokuwa anaota meno aliinyakua mezani na kuitafuna pembe, na tangu siku hiyo ukiitazama hata kwa mgongo unaijua. Msomaji mwenye heshima zake angenunua karata mpya. Norine alipoambiwa hivyo aliwaka: "Nitupe meno ya mwanangu? Nyie watu mna akili kweli?"

Na alimpenda yule Juha. Wenzake wote wakubwa wana namba, yeye hana. Hajulikani ni wa kwanza au wa mwisho, kwa hiyo anapita popote. Ana kofia ya njuga, kifurushi begani kwenye fimbo, macho juu mawinguni, hatazami anakokanyaga. Nyuma yake kuna mnyama, tuseme mbwa, ameng'ang'ania suruali yake mpaka imechanika na paja liko nje. Norine aliwaeleza wateja kwamba Juha ni mtu anayeondoka kabla hajajua anakwenda wapi, na kwamba bila watu wa namna hiyo tungekuwa bado tumekaa mapangoni tunagombania mifupa. Wakimuuliza yule mbwa anamvuta arudi au anamsukuma aende, alicheka na kujibu: "Inategemea suruali ni ya nani!"

Alicheka hivyo miaka na miaka. Kisha zamu ikafika kwake.

Delphine alikuwa na miaka ishirini na tisa, mshona kofia, mkali wa maneno kama mamake. Akapenda mtu wa Brest. Brest! Kule mwisho kabisa wa nchi, kwenye ukungu. Jamaa mwenyewe, Corentin, alikuwa fundi wa taa za minara ya baharini, mpole, mrefu, masikio makubwa. Alikuja Marseille kwa kazi ya miezi miwili, akala panisi za Norine kila siku bila kukosa, na mama wa watu akadhani ni panisi anazozifuata.

"Kule wanapikia siagi," Norine alisema siku alipoambiwa. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwa mwanamke aliyelelewa na mafuta ya zeituni.

"Siagi haiui mtu, Mama."

"Inaua taratibu. Na mvua je? Kule inanyesha mpaka ndani ya kabati! Utaota ukungu wewe, utaota uyoga!"

Wiki tatu nyumba haikukalika. Norine aliugua moyo Jumatatu, magoti Jumatano, Ijumaa akaugua vyote kwa pamoja. Kilichomsumbua hasa hakukisema. Aliogopa. Mumewe alikuwa amekufa zamani, na kwenye ghorofa ile hapakuwa na mwingine wa kumwambia "umezidisha chumvi." Alijiona anakula peke yake akitazama kiti kitupu.

Corentin akatangulia Brest. Delphine naye akachoka na maradhi ya mamake. Jumamosi moja akaweka mikono kiunoni. "Sikia, Mama. Nisomee karata kesho. Zikisema nisiende, namwandikia Corentin barua kesho hiyohiyo, yameisha. Zikisema niende, unafunga mdomo na unapona."

"Mtu hasomewi na damu yake."

"Kesho atasomewa. Naapa kwa Mama Mwema wa kanisa la kilimani. Apa na wewe."

Norine akaapa haraka kidogo kuliko ilivyofaa. Delphine akatazama dirishani, akaukaza mdomo usije ukacheka.

Jumapili asubuhi, binti alipokwenda kununua mkate, Norine alifanya kazi yake. Juu kabisa Nyumba ya Mungu. Chini yake Mwezi, na mbwa wake wawili wanaobweka karibu na dimbwi. Ya tatu Shetani, na wale wawili aliowafunga kamba shingoni. Juha akamzika katikati kabisa. Akaisukuma pakiti kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza, akaenda kanisani kumwomba Mama Mwema asitazame jikoni kwake mchana huo.

Mchana, kabla ya kula, panisi zikasogezwa kando, meza ikafutwa, kitambaa chekundu kikatandazwa. Delphine akakata kwa mkono wa kushoto. Norine akaunganisha, akalalamikia bei ya samaki, akarudisha mambo yalivyokuwa. Akashusha macho kwenye karata ya juu.

Pembe imetafunwa.

Damu ilimpanda usoni. Huyu ametokea wapi? Si alikuwa katikati? Lakini Norine hakuwa mtoto wa jana. Akamshikilia Juha kwa kidole gumba, akachomoa iliyo chini yake, kwa upole, bila kupepesa. Nyumba ya Mungu itakuwa hapo, alijiambia. Akaifunua.

Nyota. Yule mwanamke uchi anayemimina maji mtoni kwa mitungi miwili, hana wasiwasi na mtu.

"Ee, nzuri hiyo!" alisema Delphine.

Norine akamshikilia tena Juha, akachomoa ya pili. Jua. Jasho sasa. Ya tatu ikatoka Dunia, karata bora kuliko zote, mwanamke anacheza ndani ya shada la majani. Karata tatu za namna hiyo kwa pamoja Norine alikuwa hajawahi kumpa mteja yeyote, hata wale waliokuja na keki.

"Sasa funua hiyo uliyoiruka mara tatu," Delphine alisema.

Norine akaiweka pakiti mezani.

"Umeingia kwenye droo yangu," alisema Norine.

"Ulipokuwa kanisani."

"Umeniibia! Umemwapia Mama Mwema halafu ukaniibia, mshenzi we!"

"Na wewe je? Nyumba ya Mungu, Mwezi, na Shetani! Kwa mwanao wa kumzaa! Hata kinyozi hukumpa Shetani!"

Norine akaangua kicheko, akapiga meza, akafuta machozi kwa kitambaa chekundu. Kidole gumba chake! Miaka yote hiyo hakuna aliyekiona, na huyu amekijua tangu akiwa bado anavaa nepi! Alijisikia fahari mpaka akaona aibu.

Delphine hakucheka. Alimgeuza Juha mwenyewe, akaweka kidole juu ya mnyama. "Huyu ni nani, Mama?"

Norine alimtazama yule mbwa, na meno yake kwenye nguo ya mtu anayejiendea. Safari hii jibu la wateja halikumtoka. "Ni mimi," alisema. "Naogopa kubaki peke yangu, Delphine."

"Najua."

"Basi usijue tu. Kula, panisi zinapoa."

Siku ya safari walipanda ngazi zote za stesheni bila kugombana, jambo ambalo lingewashangaza majirani. Ndani ya kikapu cha Delphine mlikuwa na chupa nne za mafuta ya zeituni, na Juha ameviringishwa kwenye leso. Norine hakumwambia kuhusu Juha.

Kengele ikalia. Delphine akaweka mguu mmoja kwenye kidaraja cha behewa, na hapo, yule mwizi shupavu wa karata, akageuka uso wote umelowa machozi.

"Mama, siwezi. Ngoja nishuke. Nitakwenda mwezi ujao."

Na Norine, Mungu wangu, alitaka! Mikono ilikuwa tayari imeshika sketi ya mwanawe, imeikamata barabara, na alichotakiwa kufanya ni kuvuta kidogo tu.

Akasukuma. Kwa mikono miwili, makalioni, kwa nguvu zote za mwanamke aliyekanda unga wa dengu maisha yake yote. Delphine akaingia behewani kichwa mbele na kikapu chake, msumari wa kidaraja ukamnasa pindo la sketi, nguo ikachanika *chwaa* mpaka pajani. Mlango ukafungwa.

Treni ikaanza kusogea. Delphine akatokeza dirishani, analia na kucheka, ameshika sketi iliyochanika, anamwonyesha mamake.

"Tazama ulivyonifanya!"

Norine akavuta pumzi. Pale katikati ya stesheni, mbele ya mapadri, wanajeshi na mabibi wenye kofia, alibweka. Alibweka mara mbili, tatu, kwa sauti ileile ya kuuzia panisi, na aliendelea kubweka mpaka behewa la mwisho likapita.